Pazia la Magunia

Juzi jirani yangu hapa Unguja alikuwa akichemsha ukindu wa kusukia mikeka. Mvuke wa rangi ukapita ukutani ukanikuta jikoni namenya muhogo, na mimi nikaweka kisu chini. Kama nawe ulilelewa na bibi msukaji, unaijua harufu ile. Mimi ilinirudisha Gando, Pemba, nikiwa na miaka kumi, miaka michache kabla ya Mapinduzi.

Bibi yangu alisuka majamvi ya kuanikia karafuu na misala ya kusalia. Majamvi hayakuhitaji rangi, misala ilihitaji. Alinunua rangi ya unga dukani, nyekundu, kijani na zambarau, imefungwa kwenye vipande vya gazeti, akaichemsha katika sufuria ambayo hatukuruhusiwa kuipikia kitu kingine. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kugeuza ukindu kwa kijiti. Rangi iliyobaki nilipewa mimi. Nilichora ukutani kwa vijiti vya mnazi nilivyovipondaponda ncha: kuku, majirani, msikiti wetu, mwanamke anayechambua karafuu. Bibi alikuwa akipita, akitazama, asiseme kitu. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Mwaka ule skuli yetu ya wasichana ilipata mwalimu mpya kutoka mjini Unguja. Alivaa buibui kama mama zetu, lakini alicheka kwa sauti. Akatwambia tutafanya mchezo wa kuigiza siku ya wazazi, habari ya mama mkwe aliyekwenda kumtembelea mkwewe kwa siku tatu akakaa miezi mitatu. Mama mkwe nikachaguliwa mimi. Nilikwenda nyumbani mbio, nikamwambia Bibi. Akaendelea kusuka.

"Wanaume watakuwapo?" akauliza.

"Wazazi wote watakuwapo, Bibi."

"Basi huendi."

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mwalimu akaja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi kwa adabu zote. Bibi alimpa kahawa na muhogo wa nazi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bi mwalimu, nakuheshimu. Lakini mjukuu wangu hasimami mbele ya wanaume."

Mwalimu akageuka kutazama ukuta wangu. Aliutazama muda mrefu.

"Na akikaa nyuma ya pazia?"

"Akae nyuma ya pazia afanye nini?"

"Alichore hilo pazia. Tunataka nyumba ya mkwe, na sina mtu wa kuichora."

Bibi akavuta ukindu wake, akaunyoosha kwa ukucha. "Nyuma ya pazia, sawa," akasema. "Asitoke tu."

Sehemu ya mama mkwe akapewa binti wa jirani yetu. Nilimwonea wivu, sikufichi. Tulifumua magunia makuukuu ya karafuu, tukayashona pamoja, tukayapaka chokaa. Juu yake nikachora nyumba: mlango wa kijani, madirisha mawili, sufuria mekoni. Na kwa kuwa nilikuwa pale kila jioni ya mazoezi, nikaushika mchezo wote, maneno ya kila mtu na wapi asimame. Binti wa jirani akisahau, mimi ndiye niliyemkumbusha.

Siku yenyewe banda la skuli likajaa, wanawake mbele juu ya mikeka, wanaume nyuma. Bibi alikaa safu ya pili. Mchezo ulikuwa haujafika nusu mvua ikaanza. Makuti yakavuja, tena pale pale juu ya pazia. Rangi ikaanza kuchuruzika. Mlango wangu wa kijani ukateremka mpaka sakafuni, madirisha yakaingia sufuriani. Watu wakaanza kunong'ona, na binti wa jirani, alipogeuka akaiona nyumba inayeyuka, maneno yote yakamtoka. Akasimama kama gogo.

Nilimwona mwalimu upande wa pili ameshika kichwa. Nikaweka mdomo kwenye tundu la gunia, nikamwita.

"Sema nyumba inavuja. Sema hata ikivuja, huondoki."

Akamgeukia mkwe. "Nyumba yenu inavuja, mwanangu," akasema, "lakini mimi siondoki. Leteni beseni."

Banda zima likacheka. Nikamwambia mkwe alete beseni kweli. Nikamwambia mama mkwe ahamishe mkeka wake pakavu, kisha auhamishe tena, na kila anapohama mkwe amfuate na beseni. Mwisho wa mchezo tulioufanyia mazoezi hatukuufikia kabisa. Tulifika mwisho mwingine, mama mkwe amelala katikati ya nyumba amejifunika beseni, na wanawake wanajifuta machozi kwa kanga.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwenye tope, Bibi alitangulia mpaka kisimani, akanisubiri hapo.

"Rangi hukuichemsha na chumvi," akasema. "Ndiyo maana ikatoka."

"Naam, Bibi."

"Na yale maneno ya beseni, nani kampa yule mtoto?"

"Mimi."

Akakwepa dimbwi. "Sikukuona mbele ya watu."

"Sikutoka, Bibi."

"Basi hukunivunjia neno langu," akasema, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na rangi kwenye mikunjo ya vidole kama siku zote. Miaka mitano baadaye, nilipotakiwa kwenda Unguja kusomea ualimu, ni yeye aliyenifungia mzigo.

Tangu hapo nimeongoza michezo mingi, na mandhari ya kila mmoja nimeichora mwenyewe. Picha zangu zimetundikwa katika kumbi ambazo Bibi asingejua pa kuvulia viatu. Hakuwahi kuziona. Mwalimu naye ametangulia. Lile banda la makuti halipo tena, na pazia nilisikia lilikatwa likawa vitambaa vya kupigia deki.

Mwaka jana skuli ya Gando iliniita niwasaidie wasichana wao kuandaa mchezo. Niliwauliza nani anataka kuigiza. Mikono yote ikapanda juu, na mama zao waliokaa barazani wakawa wananong'ona nani anafaa kuwa nani. Kisha nikauliza nani atabaki nyuma achore pazia. Hakuna aliyenyoosha mkono hata mmoja.

Nikakunja mikono ya gauni, nikachora mimi.