Mvumo wa Sebuleni

Mume wangu aliendesha malori mpaka akastaafu. Wenzake walimwita Breki, maana hakuwa nayo: akifika leo, kesho alfajiri keshaondoka. Kaseti zake zote alizisikiliza juu ya kelele za injini, na kila akipita nyumbani aliapa kwamba siku akistaafu atakaa sebuleni, alisikie gitaa lenyewe bila ngurumo. Mimi nami nilikuwa na yangu moyoni: siku hiyo nitapata mtu wa kuzungumza naye.

Basi akastaafu. Akanunua amplifaya ya mtumba na spika mbili zinazonifika kiunoni. Akawasha, zikavuma. Mmmmmm, wimbo ukiwepo, wimbo usiwepo.

Tangu hapo nikawa namwona mgongo tu. Yuko nyuma ya hiyo amplifaya, kachuchumaa, tochi mdomoni. Alibadilisha nyaya. Akazitenganisha spika. Akazima friji, maziwa yakachacha. Akachomoa televisheni katikati ya taarifa ya habari. Nikimuuliza jambo, jibu ni lile lile: "Ngoja kwanza." Miaka yote nilimngoja arudi safari, na sasa nimngoje amalizane na waya! Nilichoka, tena nilichoka kwelikweli.

Mchana mmoja akaniita kwa shangwe. "Mama watoto! Njoo ushike hapa."

Nikagusa bati la amplifaya, likanitekenya vidole, mvumo ukakatika. Nikiachia, unarudi. Mwenzangu akajitupa kwenye kochi, akafumba macho.

"Usiachie," akasema.

Nikasimama pale kama nguzo mpaka harufu ya vitunguu vinavyoungua ikanifikia.

"Mimi si msumari wa kushikilia redio yako!" nikamfokea. "Kama inataka kushikwa mkono, ihamie jikoni niliko!"

Naye kwa ukaidi wake akaibeba kweli, na spika zake, ili anionyeshe kwamba nasema ovyo. Akaichomeka kwenye soketi iliyo kando ya swichi ya jiko la umeme. Kimya. Akaongeza sauti, mvumo haupo. Kisha akaweka kaseti, gitaa likasikika lenyewe tu, safi. Ndipo akakumbuka kwamba fundi aliyetufungia jiko aliishushia soketi ile waya mpaka ardhini. Za sebuleni hazina waya huo, ndiyo maana ikavuma mpaka niishike.

"Kesho nitavuta waya mpaka sebuleni," akasema, lakini hakuinuka kwenye kigoda alichokalia.

Nikamimina mafuta, vitunguu vingine vikaanza kuchachatika. Nikanyoosha mkono nipunguze moto, asije akaanza kulalamikia kelele.

"Acha, kaanga tu." Akageuza kigoda, mgongo ukaenda ukutani. "Hivi juzi ulikuwa unaniuliza nini?"

Hasira zote zile, na swali lenyewe nimelisahau! Nikampa kisu amenye viazi wakati mimi nakumbuka.