Mawe ya Sifa

Sisi tuliozaliwa Kibati enzi zile, mawe ndiyo yalikuwa kila kitu. Mafiga mawe, ukuta wa shamba mawe, kiti cha mugeni jiwe. Tulikimbia juu ya mawe meusi ya volkano bila viatu mupaka nyayo zikawa kama kwato za mbuzi. Wajukuu wangu hapa Goma wakikanyaga kajiwe kamoja, wanalia kwanza, halafu wanapiga jeraha picha na telefone. Lakini nilitaka kusema habari ya Pasaka.

Mudogo wangu Sifa alikufa na homa wakati wa Kwaresima, miaka mitatu hajatimiza. Kwetu udongo ni kidogo, kaburi haliendi chini sana, kwa hiyo watu wanapanga mawe juu. Papa, baba yetu, aliyapanga mwenyewe. Hakutaka mutu amusaidie.

Siku ya Pasaka kanisa likajaa. Katekista wetu, muzee mwembamba ndani ya koti la mutu munene, akapaza sauti: "Yesu ameshinda zambi, ameshinda shetani, na kifo amekikanyaga shingo! Jiwe limeondolewa!" Wamama wakapiga vigelegele. Mimi masomo niliacha mwaka wa pili, lakini neno hilo nililisikia vizuri. Nikajiuliza: kama kifo kimeshindwa, Sifa anangoja nini? Nikaona ni yale mawe.

Nyumbani mama alikuwa anapika muchele na nyama. Muchele tuliuona Noeli na Pasaka tu, harufu yake ilifika mupaka kwa jirani. Mimi nikaiacha harufu ile, muone basi vile niliamini! Nikachukua kanzu ya Sifa, asisikie baridi akitoka, nikaenda nyuma ya migomba, kwenye kaburi lake, nikaanza kutoa mawe moja moja. Vidole vikatoka damu.

Mama akanikuta. "Neema, unafanya nini hapo?"

"Ninamufungulia Sifa."

Mama akakaa chini palepale. Papa naye akafika, fimbo mukononi. Mama akamuambia: "Papa Neema, acha. Kanisa lote leo, ni huyu peke yake aliyemusikia katekista."

Papa akatupa fimbo. Akasema: "Yesu atakuja kuyatoa mwenyewe. Kazi yako wewe ni kwenda kula." Halafu akayarudisha mawe, ila upande wa kichwa akachagua yale madogo, yale mepesi yenye matundu. Nami nilikula, sikatai, nikaongeza sahani.

Siku hizi makaburi ya Goma ni sima, ile saruji ya kujengea, na karo, vile vigae vya kungaa, mengine yana vyuma na kufuli, kama vile marehemu ataibiwa. Nimemuambia mutoto wangu wa kwanza: mimi muniwekee mawe tu, na kichwani yale mepesi. Anacheka. "Mama, watu watasema tumekosa hata sima!"

Waseme. Sitaki kuchelewa siku ile kwa sababu ya karo.