Kichupa cha Maji Matupu

Tulianza kazi siku moja, mimi na msichana jirani yangu wa Chang'ombe, kwenye maabara inayopima mabaki ya dawa katika mayai na nyama ya kuku. Yeye alimaliza kidato cha nne, mie niliishia darasa la saba. Haikupita miezi mitatu akaketishwa kwenye mashine. Mie nikabaki kwenye sinki, naosha vichupa.

Mashine ile inatambua dawa kwa uzito wa chembe zake, hata zikiwa chache kiasi gani. Dawa ikiwepo, kwenye skrini kinainuka kilima chembamba. Kila nilipopeleka trei ya vichupa nilikuwa nasimama kidogo nyuma ya kiti chake, nakitamani. Anageuka ananiambia, "Weka hapo, shoga, asante." Upole wake ndio ulionikera zaidi.

Jumatatu moja kichupa kilivunjika kikanikata kidole. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: nilifungua kidonge cha rangi mbili kilichokuwa kwenye pochi yangu, nikamwagia unga wake kidondani, nikafunga kitambaa, nikaendelea kuosha bila glavu.

Kesho yake kichupa cha maji matupu, kile kinachopimwa kwanza ili kuhakikisha kila kitu ni safi, kilitoa kilima. Mayai ya mfugaji wa Tegeta yalikuwa yanasubiri, na hakuna jibu ambalo lingeaminika.

Mama mkuu wa maabara alikuja akasimama kando ya kiti cha mwenzangu.

"Umeshika nini wewe?"

"Sijashika kitu, mama."

"Basi maji yaliumwa, yakameza dawa. Usiponieleza hadi kesho saa nne, kiti hiki anakaa mwingine."

Nilijua palepale: dawa ya kidonge changu ndiyo hiyohiyo wanayopewa kuku. Kidole kilikuwa kinapwita. Niliuficha mkono kwenye mfuko wa koti nikanyamaza, na siwezi kudanganya, nilifurahi. Nilimwona tayari akiwa pembeni yangu, mikono ndani ya maji ya sinki. Sikuwaza hata kidogo kwamba kiti kile kisingekuja kwangu.

Asubuhi nilimkuta amevimba macho, lakini akanisalimia kama kawaida. Saa tatu na nusu nikaenda kwa mama mkuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikautoa mkono mfukoni.

"Ni mie. Nilitia unga wa kidonge kwenye kidonda."

"Najua," akasema. "Mwenzako alipima maji ya sinki lako jana jioni, akakuta dawa ileile. Akaniomba nikusubiri hadi saa nne, useme mwenyewe. Na akasema usifukuzwe, kwa sababu hakuna aliyekufundisha."

Nilirudi kwenye sinki. Akaja na plasta.

"Shoga, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nikamwacha anibandike. Kisha akarudi kwenye kiti chake, na mie nikavaa glavu nikaanza kuosha upya vichupa vyote, nikimsikiliza akibofya vitufe vya mashine.