Watalii Waliofua Moshi wa Ndege

Mama Foronya alikuwa dobi wa hoteli tangu wanawe wakiwa wa kubebwa mgongoni, na kazi yake aliifanya kwa ubishi. Shuka lisipong'aa analirudisha kwenye maji, hata kama mgeni amesimama mlangoni anasinzia.

Kisha hoteli ikaingiwa na kimbelembele cha mazingira. Meneja alibandika vikaratasi vyumbani: mgeni anayeijali dunia asitoe taulo likafuliwe. Watalii, waliokuwa wameunganisha ndege juu ya ndege kufika hapo, wakaona wamepata pa kutubia. Mataulo yalining'inia mpaka yakakakamaa. Mashine ya kufulia ikapoa.

"Mama, kama nguo hakuna," meneja alisema, "na wewe nikuweke wa nini?"

Mama Foronya akamfikiria kitindamimba wake aliye chuoni, akaendelea kupangusa mashine.

Siku hiyohiyo mtalii mmoja mzee akaingia chumba cha kufulia, amelikumbatia shuka lake kama mtoto mwenye homa.

"Moshi wa ndege yangu umechafua hewa, mama. Nifundishe kufua kwa mikono, nilipie kosa."

"Ndege umepanda wewe, baba. Shuka limekosa nini?"

Lakini beseni akampa. Wenzake waliposikia, wakapanga foleni. Meneja, mwenye pua ya kunusa faida, akatangaza huduma mpya: kufua kwa toba. Daktari mmoja na mkewe waligombea ndoo. Mwingine alilia huku akikamua soksi. Walisuuza mpaka tangi likakauka, ikabidi liitwe boza la maji, likaja linatoa moshi mweusi tii.

"Na huu wa nani?" Mama Foronya aliuliza. Hawakumsikia, walikuwa wanalipiga picha.

Meneja akamvuta pembeni. "Unaona wanajifulia wenyewe. Tuagane kwa amani, mama."

"Sawa, bosi. Ila kwanza nusa hili la daktari, halafu ukawatandikie wageni wanaoingia leo."

Meneja akanusa. Shuka lilikuwa bado linateleza kwa sabuni na linanuka mbwa aliyenyeshewa.

"Yafue yote upya," alinong'ona. "Ila wasikuone."

Basi kazi ikawa mara mbili. Asubuhi anawafundisha, wakishatoka na magari kutembea, anawasha mashine na kufua walichofua.

Yule mzee alipoondoka alimshika mikono, akasema anajisikia mwepesi.

"Safari njema, baba," Mama Foronya alimjibu. "Na huko kwenye ndege wakikupa blanketi, tafadhali usilifue."