Miguu ya Mama Mbele ya Daktari

Mama yangu alivimba miguu siku zile Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuja Rumonge kupima watu ugonjwa wa malale. Nilikuwa mtu mzima, nauza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, na kwangu kuvimba miguu kulikuwa jambo moja tu, lisilo na aina. Jirani alisema ni baridi ya ziwa. Shangazi alisema mama amekanyaga uchawi.

Tukampeleka kwa daktari wa Wadachi. Daktari alimkalisha juu ya sanduku, kisha akapiga goti udongoni mbele yake. Watu wote wakasogea kutazama. Mdachi, kumpigia goti mama yangu! Akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga wa muhogo uliokandwa.

“Ulianza mguu mmoja, au yote miwili?”

“Yote, bwana.”

“Usiku unalala?”

Mama alinitazama kwanza. “Ninalala nikikaa. Nikijilaza, pumzi inakatika.”

Mimi mwanawe, niliyelala chumba cha pili, sikulijua hilo.

Daktari akaandika. Nilikuwa nasoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo niliona mikwaruzo michache na namba.

“Si malale,” akasema. “Moyo umechoka. Kila ugonjwa una namba yake katika orodha yetu. Dawa iko Usumbura. Mpe daktari wa kule karatasi hii.”

Tulipanda mtumbwi, tukafuata pwani kupita Minago, mama ameegemea kifua changu njia nzima. Daktari wa Usumbura alikuwa mzee, hajapata kutuona. Alisoma karatasi, akaenda mwenyewe kuchukua blanketi, akalikunja na kuliweka kitandani mahali pa mgongo kabla mama hajakaa.

“Usijilaze, mama. Pumzi itakatika.”

Mama akanishika mkono kwa nguvu. “Nani amemwambia?”

“Karatasi, mama.”

“Karatasi imesikia pumzi yangu?”

Maneno aliyoyasema kwa aibu kule Rumonge yalikuwa yamevuka maji pamoja nasi, mikononi mwangu, nami sikuyasikia.

Walimpa matone machungu. Akakojoa sana, na taratibu mifupa ya miguu yake ikaonekana tena. Alirudi nyumbani akashuka mtumbwini mwenyewe, akaishi hadi kumwoza dada yangu mdogo.

Mimi, na ndevu zangu zote, nilikwenda kwa karani wa boma kumwomba anifundishe herufi za Kizungu.