Shemeji Yangu na Mkataba wa Ziwa

Miaka ile wakimbizi walipojaa Kigoma, nilirudi Ujiji kutoka Dar es Salaam na stashahada ya biashara niliyoipata kwa jasho langu. Ada nilijilipia kwa kuuza mawese ya Ilagala, dumu kwa dumu, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtaa wetu mzima wa Katubuka ulijua. Ambaye hakujua, nilimweleza.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba wajumbe wa nchi za ziwa watakutana mjini kuandika mkataba wa biashara, na kwamba wauza dagaa wamepewa kiti kimoja ukumbini, nilipeleka koti langu kwa dobi. Kiti kilikuwa changu. Nani mwingine?

Wakamchagua shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu aliyeishia darasa la saba. Sababu yao ni kwamba kwa kupeleka dagaa kambini alikuwa amekijua Kirundi kama mzaliwa, na ana sauti. Sauti kweli alikuwa nayo. Asubuhi ya mkutano alikuja kwangu akicheka.

"Shemeji, niazime koti. Wewe leo si huendi popote?"

Dada yangu alisimama nyuma yake, ananitazama. Nikampa. Koti langu likaingia ukumbini, mimi nikabaki langoni na polisi.

Jioni alitoka amevimba kama waziri. Mwaloni, boti za dagaa zinapotia nanga, kina mama walikuwa wakimsubiri, wenyeji na Warundi, kila mmoja na beseni lake. Kwetu, anayetumwa kwenye boti kupatana bei huenda peke yake, lakini akirudi husema yote mbele ya wote: amedai nini, amejibiwa nini, wamekwama wapi. Ndipo mabeseni huinuliwa.

"Mambo yanakwenda vizuri," akasema.

"Vizuri vipi, baba?" aliuliza mama mmoja wa kambini.

"Hiyo ni siri ya mataifa, mama. Tumekatazwa kusema mpaka wakubwa watie saini."

Nilifurahi, sifichi. Nikapaza sauti: "Tangu lini bei ikapatanwa, mwenye beseni asiambiwe?"

Wale mama wakayafudikiza mabeseni yao mchangani, wakayakalia. Kwetu hiyo ina maana moja tu: hatununui, hatubebi, hatuondoki.

"Huyu amelishwa nini huko ndani?" mmoja akauliza.

"Soda," nikajibu. "Tena ya baridi, imemganda kooni."

Mwalo mzima ukacheka. Shemeji akavua koti, akanitupia, akasema kila kitu. Dagaa wote wa kuvuka ziwa wangepitia kwa wakala mmoja katika kila nchi. Mama wa beseni hakutajwa popote.

Kesho yake mabeseni yalifudikizwa mbele ya lango la ukumbi. Wajumbe walikuwa wameshamnyang'anya shemeji kiti kwa kutoa siri. Nilitegemea aibu yake. Yeye akapigiwa vigelegele.

Adhuhuri mkubwa mmoja akatoka akijifuta jasho. Akasema rasimu itasomwa pale pale, watu waseme lao kabla ya saini. Rasimu ilikuwa ya Kiingereza. Nikasogea mbele.

"Shemeji asome!" wakapiga kelele. Siku hizo mji mzima ulimwita hivyo.

"Hajui Kiingereza," nikasema.

"Basi wewe mwambie yeye, yeye atuambie sisi. Sauti yako nani ataisikia?"

Nikasimama ubavuni mwake juani. Kila kifungu nilikigeuza Kiswahili, yeye akakipokea na kuwarushia watu kwa Kiswahili na Kirundi, mikono juu, kana kwamba amekiandika mwenyewe. Tulipofika kwenye kifungu cha wakala walizomea mpaka yule mkubwa akakikata kwa kalamu yake, akasema kitajadiliwa upya milango ikiwa wazi. Wakambeba shemeji mabegani.

"Umefanya kazi kubwa, shemeji!" aliniambia kutoka juu huko, na alimaanisha. Hilo liliniuma kuliko yote.

Vifungu vile havikuwa vyepesi. Yalikuwamo maneno ya sheria ambayo hata mwenye shahada angekwama, na mimi sikukwama popote. Lakini mpaka leo Ujiji wakisimulia siku mkataba uliposomwa langoni, wanamsimulia yeye. Wengine husema hata Kiingereza alikijua.