Aspirini ya Baba

Baba alikuwa dereva wa lori kati ya Goma na Rutshuru, mtu wa maneno mengi, na kicheko chake kilisikika hadi kwa majirani mtaani kwetu Murara. Moyo ulipoanza kumsumbua aliacha usukani. Daktari akamwandikia kidonge kidogo cha aspirini, naye akawa anakimeza kila siku baada ya sala ya alfajiri.

Kisha kikatoka kidonda chini ya ulimi. Alidhani ni jino. Kidonda hakikupona, shingo ikavimba upande mmoja. Hospitalini walipokata kipande cha nyama na kukipima, daktari alituita sote watatu, baba, mama na mimi, akatuambia ni kansa.

"Inaomba miyonzi," alisema. "Hapa Goma mashine hiyo hatuna. Mungemupeleka Kampala."

Baba hakuweza tena kusafiri. Akimeza mate tu, alishika shingo kwa mikono miwili.

Dada yangu anaishi hukohuko Kampala. Siku moja alipiga simu: redioni amesikia kwamba baadhi ya wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo waliotumia aspirini walionekana kuishi zaidi. Baba alikuwa amelala akiutazama ukuta. Akaketi.

"Mimi nimeikunywa myaka yote," alisema kwa ulimi mzito. "Munaona? Mungu alitangulia kunipatia dawa."

Tukarudi kwa daktari. Hakumcheka.

"Muzee, hata wenye kuchunguza hawajakubaliana. Aspirini haiondoe uvimbe. Na kidonda chako kimeanza kutoka damu, itaizidisha. Tuiache, hata kama ni ya moyo."

Baba alilia palepale kwenye kiti. Habari ya kansa alikuwa ameipokea kimya, hii ilimshinda.

Mama akaondoa vidonge. Sauti ya baba ikakatika kabisa, lakini kila alfajiri, akisha kusali kwa macho tu, alimnyoshea mama kiganja kitupu. Mama aligeuza uso. Asubuhi moja akanifuata jikoni.

"Nimupatie tu?"

"Damu itatoka, mama."

"Na tukimunyima, atapona?"

Mama akasaga kidonge, akakikoroga kwenye uji, akamnywesha kwa kijiko. Baba alijitahidi, mishipa ya shingo ikasimama. Uji wote ukarudi, ukatiririka kwenye ndevu zake nyeupe. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akafumba mdomo, na hakunyosha mkono tena.

Alifariki wiki ileile, kabla ya adhuhuri. Tulimzika siku hiyohiyo, dada hakuwahi kufika kutoka Kampala. Makaburini wanaume walihangaika na mawe ya volkano, chepe zikigonga bila kuzama. Dada aliomba nimwekee simu karibu asikilize. Nikainyosha juu ya shimo. Alisikia chuma kikigonga mawe.